"Bosi, Umetokea Mkoa Gani?" Namna ya Kumchagua Muuzaji wa Gari la Kifahari Ukiwa Tabora au Kigoma

Mtu wa Tabora anayepanda basi kwenda Dar es Salaam kununua Prado, Range Rover au Benzi hufika kwenye yadi akiwa ameshapoteza nusu ya mazungumzo. Amesafiri zaidi ya kilometa 800. Duka amemwachia mdogo wake, gesti amelipia siku 3, na mtaa mzima wa Isevya unajua kwamba Jumapili atarudi na gari. Muuzaji mzoefu hahitaji kusimuliwa yote hayo. Anauliza tu, "Bosi, umetokea mkoa gani?" Swali linasikika kama salamu, lakini ni kipimo. Ukijibu Mbagala, anajua unaweza kuondoka na kurudi Jumatano na fundi wako. Ukijibu Tabora au Kigoma, anajua kwamba kuondoka mikono mitupu kutakugharimu nauli, siku na aibu, na kwamba gari likianza kugonga wiki ijayo hutalirudisha.

Umbali ndio silaha ya muuzaji. Kwa hiyo mnunuzi wa mikoa yetu, kabla hajachagua gari, amtafute kwanza muuzaji asiyeitumia silaha hiyo, na ikiwezekana anayekubali kuubeba umbali huo pamoja naye. Kwa IST au Passo mtu anaweza kukosea akapona, maana spea zake ziko hata kwetu na mafundi wamezifungua mara nyingi mno. Gari la kifahari halina huruma hiyo. Kompresa ya springi za upepo ikifa ukiwa Urambo, gari linalala chini na hakuna wa kulinyanyua. Kifaa cha umeme ndani ya giaboksi ya Benzi kikiharibika ukiwa Kasulu, unahitaji mtu mwenye mashine ya kampuni husika, na mtu huyo yuko mbali.

Wengi wanapotaja "muuzaji" wanachanganya watu wa aina nne au tano ambao kazi zao hazifanani, na kila mmoja ana mahali pake pa kukuumizia.

Yuko wakala aliyeidhinishwa na kiwanda, anayeuza gari jipya la sifuri kilometa. Kwake hutaibiwa kilometa wala hutauziwa gari lililopinduka. Swali lake ni la hesabu. Dhamana ya kiwanda huishi kwa sharti kwamba sevisi zifanyike kwa wakati na kwa utaratibu unaotambuliwa. Kama kitabu kinasema sevisi kila kilometa 5,000, na wewe uko Kigoma, kwenda na kurudi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 2,400. Karibu nusu ya maisha ya oili yako inaishia njiani kwenda kubadilisha oili. Muulize kabla ya kulipa: je, kuna gereji ya karibu inayotambuliwa? Je, anatuma fundi mikoani kwa ratiba? Je, nikimwaga oili Tabora kwa oili na filta halisi nilizonunua kwake, nikatunza risiti, dhamana inabaki? Majibu yaje kwa maandishi, hata kwa barua pepe ya mistari mitatu. Wakala anayejibu kwa mdomo tu hajajibu.

Yadi za magari yaliyotumika ndiko wengi wetu tunakonunua, na huko jambo la kwanza ni kujua gari ni la nani. Magari mengi kwenye yadi si ya mwenye yadi. Ni ya watu walioyaegesha yauzwe, na juu ya bei ya mwenye mali kuna dalali mmoja au wawili, kila mmoja ameweka cha juu chake. Hakuna dhambi katika udalali, ni kazi halali. Tatizo ni kwamba dalali hana anachodaiwa baada ya mauzo. Uliza mapema, "Kadi ina jina la nani, na huyo mtu nitakutana naye?" Kama gari ni la yadi yenyewe na limeingia juzi kutoka nje, nyaraka za meli na za forodha zitakuwa na jina la kampuni ile ile iliyoandikwa getini. Jina lisipofanana, hiyo ni yadi ya kuegesha tu. Bei yake inaweza kuwa nzuri, ila usihesabu kwamba kuna mtu wa kumpigia simu mwezi ujao.

Kuna kuagiza mwenyewe kutoka Japani kwa kampuni za mtandaoni. Wengi kwetu wanaogopa njia hii, na mimi naona ndiyo inayompunguzia mtu wa mkoani hasara ya umbali kuliko zote, kwa sababu moja: mbele ya kampuni ya Japani, mtu wa Tabora na mtu wa Mikocheni wako mbali sawasawa. Wote wananunua kwa karatasi, na karatasi za Japani zinasema mengi kwa anayejua kuzisoma. Karatasi ya mnada ina daraja la jumla. Daraja la 4 na 4.5 ni gari zuri lililotumika kwa kawaida, 3.5 lina makovu ya kuonekana, na herufi R au RA maana yake limewahi kutengenezwa baada ya kugongwa. Ndani hupewa herufi kuanzia A kushuka. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni alama ya kutengenezwa na kupakwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. W kwenye mlango mmoja si kitu. W kwenye nguzo au sakafu ya buti, achana nalo. Pamoja na hiyo, omba cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, ambacho huonyesha kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali ya kule. Kama cheti kinasema 138,000 na dashibodi inasema 72,000, mjadala umeisha.

Muuzaji wa yadi ya Dar es Salaam aliyeagiza gari Japani anazo karatasi hizo hizo. Akikuambia zimepotea, elewa kwamba alizipata, akazisoma, kisha akaamua wewe usizisome. Kwangu hilo peke yake linatosha kumwacha.

Range Rover na Discovery nyingi zinazoletwa huku hutoka Uingereza, na hapo mnunuzi ana bahati ambayo wengi hawaijui. Serikali ya Uingereza huweka wazi mtandaoni, bila malipo, historia ya ukaguzi wa kila gari kwa kutumia namba yake ya usajili ya kule. Gari likifikisha miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na kila ukaguzi huandika kilometa zake, kwa maili, pamoja na makosa yaliyoonekana: bushi zimekwisha, oili inavuja, kutu chini. Kinachohitajika ni namba ya zamani, na iko kwenye hati zake za Uingereza. Mwombe muuzaji namba hiyo kwa simu kabla hujapanda basi. Ni dakika 5 za kazi yake, na zinaweza kukuokolea safari nzima.

Kuna mlango mwingine ambao ni wa Kigoma hasa. Kwa sababu ya kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu huko Kasulu, mashirika ya kimataifa yana Land Cruiser na Prado nyingi mkoani, na mara kwa mara huyauza kwa zabuni. Haya ni magari yaliyofanya kazi ngumu, lakini kwa kawaida yana kitabu cha matengenezo kilichojazwa, kitu adimu yadini. Hatari yake iko kwenye kodi. Gari la shirika lenye msamaha liliingia bila ushuru, na msamaha hauhamii kwako. Soma tangazo la zabuni neno kwa neno: likisema bei haihusishi kodi, ushuru ni wako na kadi haitabadilika mpaka ulipe. Watu wameshinda zabuni wakashangilia, kisha wakagundua kwamba kodi inakaribia bei waliyotoa. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato na namba ya chesisi kabla ya kuandika kiasi cha zabuni, ujue jumla.

Na kuna lile gari zuri la bei ya chee lenye namba za Burundi au Kongo, au lililokuwa linapita kwenda huko kama IT (gari la kupita tu nchini), likaishia mtaani. Hili halihitaji uchambuzi. Ushuru wa Tanzania haujalipwa, gari linakamatwa, na aliyekuuzia yuko ng'ambo. Kuwa na undugu upande wa pili wa mpaka wa Manyovu hakubadilishi kitu.

Nirudi kwenye kodi, maana hapo ndipo muuzaji mjanja na muuzaji mkweli wanapotofautiana mapema kabisa. Gari la abiria lenye injini inayozidi cc 2,000 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani pamoja na usafirishaji na bima, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla. Likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi miaka 10 ni asilimia 30. Chukua gari lenye thamani ya 100. Lenye umri mdogo litadaiwa kama 62, bila kuhesabu tozo ndogo ndogo. Lililozidi miaka 10 litadaiwa kama 106, yaani kodi inaipita bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo ile Prado "ya bei nafuu Japani" mara nyingi haina unafuu wowote ikishafika hapa.

La muhimu zaidi, forodha hawategemei ankara yako peke yake. Mamlaka ya Mapato ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika, uko kwenye tovuti yao, na mtu yeyote anaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini akaona kadirio la kodi. Muuzaji anayekuambia "tutaandika bei ndogo ushuru ushuke" ama haujui mfumo, ama anaujua na anataka fedha ya ziada baadaye kwa kisingizio kwamba "forodha wamepandisha". Mjaribu hivi: mwombe akutumie makadirio ya kodi, kisha linganisha na uliyoyapata mwenyewe. Yakifanana, una mtu wa kuzungumza naye.

Kuna kipimo kingine cha ukweli ambacho hakigharimu hata shilingi. Muulize muuzaji historia ya gari ambayo wewe tayari unaijua. Mfano mzuri ni Prado 150 ya dizeli. Kati ya mwaka 2009 ilipotoka na katikati ya 2015, Japani haikuuza kwake Prado 150 ya dizeli. Zilikuwa za petroli tu, 2.7 na 4.0. Dizeli ilirudi 2015 na injini ya 2.8 ya 1GD. Basi Prado ya dizeli ya 2012 yenye injini ya 3.0 ilitoka Uingereza, Australia au kwingine, au iliuzwa mpya na wakala. Muuzaji akiapa kwamba "hii ni ya Japani kabisa, ya mzee mmoja", hajui anachokiuza au hajali kusema kweli. Nayo ile ya 2.8 ya Japani ina jambo lake: inatumia kimiminika cha AdBlue kusafisha moshi, na kikiisha kabisa, ukizima injini haiwaki tena. Muuzaji wa kweli atakuambia hilo kabla hujauliza, na atakuambia wapi pa kukinunua. Beba madumu ya akiba ukirudi Tabora.

Hapo hapo kuna habari ya mafuta yenyewe. Mwaka 2015 dizeli ya Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni. Ni nafuu kubwa kuliko zamani, lakini dizeli mpya za Ulaya na Japani zenye kichujio cha moshi zimeundwa kwa salfa ya 10. Kichujio huziba mapema, hasa gari likitumika kwa safari fupi za mjini, nyumbani Cheyo hadi sokoni na kurudi, kwa sababu halipati joto la kujichoma masizi. Kwa mtu wa mikoa yetu anayetaka gari la kifahari la kutunza miaka 7 au 8, mimi ningechagua petroli: Prado ya 2.7 au 4.0, au Land Cruiser 200 ya petroli kama mfuko unahimili unywaji wake. Anayesisitiza dizeli ya Ulaya amtafute kwanza fundi, kisha muuzaji, kisha gari.

Udhaifu wa kila aina unajulikana, na muuzaji wa magari hayo anaujua kuliko wewe. Injini ya dizeli ya V6 ya Discovery na Range Rover Sport ina sifa mbaya duniani ya kukata krenki, na ikikata unatafuta injini nzima. BMW zenye injini ya N20 ya lita 2 za miaka ya mwanzo, kuanzia 2011, zina miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi inayovunjika, vipande vyake vikadondokea kwenye sampo ya oili. Benzi za C180 na C200 zenye injini ya M271 hulegeza cheni. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza sekunde chache za kwanza injini ikiwashwa baridi, kisha unapotea. Mtaje muuzaji udhaifu wa gari analokuuzia, kwa jina, kwa upole, halafu nyamaza. Anayesema "ndiyo, na hili lilibadilishwa cheni, risiti hii hapa" ni mtu wa biashara. Anayesema "bosi, hizo ni maneno ya mafundi" umeshamsikia.

Kwa sababu ya mlio ule wa sekunde chache, sharti moja usiliachie kamwe: gari likaguliwe injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji jioni kwamba utafika saa 1 asubuhi, na gari lisiwashwe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa vuguvugu, kuna mtu ameshaliwasha kuficha jambo. Rudi kesho, au usirudi. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna ute mweupe kama maziwa, na kifuniko cha rejeta uone kama kulanti ina rangi yake au ni maji ya bomba yenye kutu. Kisha washa mwenyewe, mtu mwingine akiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokwisha na wenye harufu tamu ni kulanti inaingia ndani. Mweusi kwa dizeli ni nozeli au hewa. Kabla ya kuwasha, geuza funguo taa za dashibodi ziwake zote: taa ya injini na taa ya ebegi lazima ziwake, kisha zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa imezibwa au imekatwa, na ebegi zilizokwisha kulipuka hazirudi kwa kuzima taa yake.

Springi za upepo zina kipimo chao. Jioni, gari likiwa mahali tambarare, pima kwa futikamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, pembe zote nne, andika. Asubuhi pima tena kabla ya kuwasha. Kona iliyoshuka sentimita 2 au zaidi peke yake inavuja. Kuvuja huko kunaichosha kompresa mpaka inakufa, kwa hiyo gharama si springi moja. Muuzaji anayekuruhusu kupima jioni na asubuhi amekubali gari lake lionekane lilivyo.

Kuhusu mashine ya kupimia, tahadhari na kile kidude kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusema "hakuna kosa". Hicho husoma injini tu. Gari la kifahari lina kontroo boksi nyingi, za giaboksi, breki, springi, ebegi na milango, na zinasomwa vizuri na mashine ya kampuni yake: Xentry kwa Benzi, ISTA kwa BMW, Techstream kwa Toyota na Lexus. Fundi akiunganisha, mwambie aangalie mambo mawili zaidi ya makosa. La kwanza, kama vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe vimekamilika. Gari linalotembea kila siku huwa limevikamilisha. Vikiwa vyote havijakamilika, maana yake kuna mtu amefuta makosa muda si mrefu, pengine asubuhi ile ile. La pili, kwenye Benzi na BMW kilometa huhifadhiwa kwenye boksi zaidi ya moja. Anayerudisha kilometa hurudisha dashibodi na kusahau nyingine. Fundi huyo awe wako. Mlipe wewe, usikubali "fundi wetu yupo, ni bure".

Sina subira na hoja kwamba ukaguzi wa namna hii ni kumdharau muuzaji. Mtu anayeuza kitu cha makumi ya mamilioni na kukasirika kwa sababu ya futikamba ana sababu yake ya kukasirika.

Mengine niyapitie haraka. Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho uone kama ina tope, ishara ya gari lililozama. Lebo ya mkanda mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa, ilinganishe na mwaka wa gari. Vioo vyote viwe vya kiwanda kimoja. Tairi zina namba 4 ubavuni, wiki na mwaka: 3219 ni wiki ya 32 ya 2019, na tairi la namna hiyo ni la kubadilisha hata kama lina meno. Rimu za inchi 20 na tairi nyembamba kama 275/40 zinapendeza Masaki, ila kwenye vumbi na mawe ya njia zetu za vijijini huvunja rimu na kuchana ubavu wa tairi. Muuzaji mwenye akili atakubali kukubadilishia inchi 18 kabla hujaondoka, pale ambapo breki zinaruhusu. Funguo ziwe 2. Ukipewa moja, punguza bei ya kuagiza nyingine, kwa kuwa ya gari la Ulaya huagizwa kwa namba ya chesisi na haichongwi mtaani.

Kwenye kadi, angalia kama kuna jina la benki pamoja na jina la mwenye gari. Likiwepo, gari lina mkopo na haliuziki mpaka benki itoe barua ya kuliachia. Namba ya usajili ipitishe kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, maana madeni hayo hufuata gari. Jina la kampuni lithibitishe BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye kiasi kamili ulicholipa. Muuzaji anayekuomba mkubaliane risiti ndogo anakuachia pengo siku ya kudai haki yako, kwa sababu karatasi itasema ulinunua kwa bei ya Vitz.

Fedha iende benki, kwenye akaunti ya jina lile lile lililo kwenye mkataba. Kishika uchumba usitume kwa namba ya simu ya dalali ukiwa bado Kigoma, hata akikutumia video ya gari likiunguruma. Video inaweza kuwa ya gari la mtu mwingine kabisa. Kama ni lazima utoe kidogo gari lisiuzwe, toa kwa kampuni, kwa maandishi yanayosema kinarudi chote gari lisipofaulu ukaguzi wa fundi wako.

Mkataba wenyewe utaje namba ya chesisi na ya injini, kilometa za siku hiyo, kasoro zilizojulikana, nani anabeba faini za kabla ya tarehe hiyo, na siku ya mwisho ya kukabidhi nyaraka za kuhamisha umiliki. Kifungu cha "gari limeuzwa kama lilivyo" kifutwe au kiwekewe mipaka. Ukikiacha, umbali unarudi tena: kesi ya madai kwa kawaida hufunguliwa anakoishi mdaiwa au shauri lilipozaliwa, na hapo ni Dar es Salaam, si Tabora. Wakili mmoja kusoma karatasi hizo ni gharama ndogo mno kulinganisha na nauli za kuhudhuria mahakama kilometa 800 kutoka kwako.

Ninaloliona kuwa kipimo kikubwa kuliko yote, na ambalo wanunuzi wetu hawalitumii kabisa, ni bakaa. Pendekeza kwamba asilimia 5 ya bei ibaki mkononi mwako kwa siku 14 baada ya kuchukua gari, ikiandikwa kwenye mkataba, kwa ajili ya kasoro ya injini, giaboksi au springi itakayojitokeza njiani na wiki ya kwanza nyumbani. Njia ya kurudi ni ukaguzi bora kuliko wowote wa yadini: Morogoro, Dodoma, kisha mlima wa Saranda kupanda kuelekea Manyoni, ambako injini yenye shida ya kupoa hujitangaza. Kila mnapopumzika, angalia mshale wa joto. Injini ikishapoa, angalia kiwango cha kulanti na oili. Ukifika Itigi bila kuongeza kitu, umejifunza mengi. Ukifika Tabora, pima tena springi jioni na asubuhi, rudia mashine, na mpigie muuzaji umweleze ulichokiona, kizuri na kibaya.

Wapo watakaokataa bakaa papo hapo, na hao wamekuambia wanachokitarajia njiani. Wapo watakaosema asilimia 5 ni nyingi, tufanye 3, au siku 14 ziwe 10. Huyo kaa naye, agiza chai, mmalizie mazungumzo. Amekubali kwamba mauzo hayaishi getini kwake, na kwamba gari likifa Itigi, hasara itamgusa na yeye.